Kijiko cha Trekta: Somo la Kutafuta Upungufu wa Nguvu na Uvujaji wa Mafuta

Wenyeji wa Vingunguti na wa mitaa mingine ya Dar es Salaam wazijua vema kazi za kuchimba. Nyumba zimesongamana, njia ni nyembamba, na mashine kubwa ya minyororo haiwezi kupita bila kubomoa ukuta wa mtu. Kwa sababu hiyo kijiko kidogo kifungwacho nyuma ya trekta kina manufaa makubwa. Chachimba shimo la choo, mtaro wa bomba, msingi wa nyumba, na mfereji wa kuyapitisha maji ya masika yateremkayo kuelekea bonde la mto Msimbazi. Kazi ya siku nzima ya wachimbaji wa sururu na koleo huisha kabla ya adhuhuri.

Lakini mashine hii yatumia nguvu ya mafuta yaliyobanwa, ambayo mafundi huiita haidroliki, na nguvu hiyo ikipungua haisemi ugonjwa wake. Mkono huinuka pole pole, kijiko hushindwa kung'oa udongo mgumu, na mafuta huonekana chini ya mashine. Mwenye mashine humwita fundi, naye fundi asiye na subira husema mara moja, "Pampu imekufa." Basi pampu mpya hununuliwa kwa fedha nyingi, hufungwa, na kijiko hubaki dhaifu vile vile, kumbe shida ilikuwa mpira wa kunyonya uliolegea kifungo chake, ambao ungekazwa kwa bisibisi. Hiyo ni hasara. Iko na hatari iliyo mbaya kuliko hasara ya fedha, nayo ni ya kijana apapasaye tundu la mafuta kwa kidole. Mambo hayo mawili ndiyo makusudi ya somo hili: kuokoa fedha za mwenye mashine, na kuokoa mkono wa mfanyaji kazi.

I. ASILI YA NGUVU HII

Kanuni yake yajulikana tangu zamani. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alionyesha ya kuwa maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, yakisukumwa mahali pamoja, husukuma pande zote kwa kadiri ile ile. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya serikali kwa mashine yake ya kukandamizia iliyotumia kanuni hiyo. Yafaa tujue kwamba hata mashine ile ya kwanza ilisumbuliwa na ugonjwa huu huu wa kuvuja: maji yalipenya kando ya pistoni. Dawa yake ilikuwa ukosi wa ngozi uliokunjwa mfano wa kikombe, na wengi humtaja Henry Maudslay, fundi wa karakana ya Bramah, kuwa ndiye aliyeubuni. Kadiri maji yalivyosukuma, ndivyo midomo ya ngozi ilivyobana ukuta zaidi. Sili za silinda za leo, zijapokuwa za mpira au plastiki ngumu, zafuata akili ile ile. Kwa hiyo sili ya namna hiyo hufungwa mdomo wake ukielekea upande utokako msukumo. Ikigeuzwa, itavuja siku ile ile ijapokuwa mpya.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Marekani, kijiko cha nguvu ya mafuta kilianza kufungwa nyuma ya trekta za shamba, na mwaka 1953 kampuni ya J. C. Bamford ya Uingereza ilitoa mashine yake yenye sepetu mbele na kijiko nyuma. Vijiko vidogo tuvionavyo mitaani ni watoto wa ukoo huo.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana asiyejua hesabu hii hawezi kujua apotezacho. Tuseme silinda ya mkono ina upana wa inchi 3 kwa ndani. Eneo la uso wa pistoni ni inchi za mraba 7 na ziada kidogo. Mafuta yakisukuma kwa ratili 2,000 kwa kila inchi ya mraba, yaani kama kilo 140 kwa kila sentimeta ya mraba, nguvu yote ya silinda ni ratili 14,000 na zaidi, karibu tani 6 na nusu. Msukumo ukishuka hadi ratili 1,200, nguvu hushuka hadi ratili 8,500 hivi. Injini yanguruma vile vile na dizeli yaliwa vile vile, lakini karibu nusu ya kazi imepotea.

Tena tusichanganye mambo mawili. Wingi wa mafuta yapitayo ndio uletao mwendo. Msukumo wa mafuta ndio uletao nguvu. Kijiko kiendacho pole lakini chenye nguvu ya kung'oa chaonyesha upungufu wa mafuta yafikayo kwenye silinda. Kijiko kiendacho upesi hewani, kisha kikagoma kikigusa ardhi ngumu, chaonyesha upungufu wa msukumo. Mwangalizi mzuri huanza kutambua hapo, kabla hajashika spana.

II. SAFARI YA MAFUTA

Fundi asiyeijua njia ya mafuta ni kama msafiri asiyejua njia ya kwao. Mafuta hutoka katika tangi, hupita chujio la waya, huingia katika mpira mnene wa kunyonya, na kufika kwenye pampu. Pampu ya vijiko vidogo vingi ina magurudumu mawili ya meno, nayo huzungushwa na shafti ya nyuma ya trekta. Kutoka pampu mafuta hupita katika mpira mgumu wenye nyuzi za chuma ndani yake, hufika kwenye sanduku la vali, mahali zilipo nyenzo za mwendeshaji. Ndani ya sanduku hilo kila wenzo husogeza kijiti cha chuma kiitwacho spuli, nacho hufungua njia ya kwenda upande huu au ule wa silinda.

Katika sanduku hilo, au karibu nalo, iko vali ya usalama. Hii ni mlango wenye springi. Msukumo ukizidi kiasi kilichowekwa, mlango hufunguka na mafuta hurudi tangini, ili mipira isipasuke wala chuma kisivunjike. Mafuta yaliyokwisha fanya kazi hurudi tangini kwa kupitia chujio la marejeo. Basi, kumbuka vituo hivi: tangi, mpira wa kunyonya, pampu, vali ya usalama, spuli, silinda, chujio la marejeo. Ugonjwa wowote wa nguvu au uvujaji upo katika kimojawapo, au katika mipira iviunganishayo.

III. MAMBO YA USALAMA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Jambo la kwanza, laza kijiko chini kabisa, nayo miguu ya kuegemea iguse ardhi. Usiingie chini ya mkono ulioinuliwa, hata kama wenzako wakuambia kwamba umeshikiliwa na mafuta, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo tuyashukuyo.

Jambo la pili, zima injini, uutie ufunguo mfukoni mwako, kisha sogeza kila wenzo huku na huku mara kadhaa. Kufanya hivyo hutoa msukumo uliobaki ndani ya mipira. Legeza nati pole pole, na mfuniko wa tangi vile vile. Mafuta yaliyokwisha fanya kazi juani huwa ya moto sana, nayo huunguza.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Usitafute uvujaji kwa mkono wako. Mafuta yatokayo katika tundu dogo kama ncha ya sindano, kwa msukumo wa ratili 2,000, hupenya ngozi, na kwa glavu hupenya vile vile. Aliyepigwa huona alama ndogo kama ya mwiba, na pengine hasikii maumivu mengi saa ile. Hucheka na kuendelea na kazi. Lakini mafuta yamekwisha enea ndani ya nyama, na baada ya saa chache kidole huvimba na kuanza kufa. Huyo asingoje kesho, wala asikandwe kwa maji ya moto, wala asipewe vidonge vya maumivu akalale. Apelekwe hospitali mara moja, Amana au Muhimbili kwa watu wa Vingunguti, na daktari aambiwe wazi: "Mafuta ya mashine yamepenya mkononi kwa nguvu." Mara nyingi hupasuliwa siku ile ile ili mafuta yatolewe, na kila saa ipoteayo huongeza hatari ya kukatwa kidole au mkono.

Chombo cha kutafutia uvujaji ni kipande cha boksi gumu au ubao, kilichoshikwa kwa mbali na kupitishwa kando ya mpira. Boksi likilowa au likitobolewa, umepata mahali.

IV. SWALI LA KWANZA LA KUULIZA

Kabla ya kufungua chochote, jiulize: je, udhaifu uko katika kazi zote, au katika kazi moja tu?

Mkono mkubwa, mkono mdogo, kijiko, mzunguko wa kushoto na kulia, na miguu, vyote vikiwa dhaifu, ugonjwa uko mahali ambapo mafuta ya wote hupita, yaani katika tangi, mpira wa kunyonya, pampu, vali ya usalama, au machujio. Mkono mdogo ukiwa dhaifu peke yake, na vingine vyote vina nguvu, usiiguse pampu. Pampu ile ile ndiyo iwapayo wengine nguvu. Itawezaje kuwa nzima kwao na mbovu kwa huyu mmoja? Swali hili halina gharama, nalo lingaliwaokoa wengi na ununuzi wa bure.

V. IKIWA KAZI ZOTE NI DHAIFU

Fuata utaratibu huu, usiruke hatua. Umepangwa kuanzia kitu cha rahisi kuelekea cha ghali.

1. Tazama kiasi cha mafuta. Kipimo kisomwe mashine ikiwa mahali tambarare, na mikono yake ikiwa katika hali iagizwayo na kitabu chake, kwa sababu silinda zilizonyooshwa hushika mafuta mengi kuliko zilizokunjwa. Mafuta yakipungua, pampu hunyonya hewa.

2. Tazama sura ya mafuta. Yakiwa na povu, hewa yaingia mahali. Yakiwa meupe kama maziwa, na weupe usiondoke hata yakitulia, maji yameingia, mara nyingi kwa mfuniko mbovu wakati wa mvua. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, yamepata joto kupita kiasi. Yakiwa na vumbi la chuma ling'aalo, kiungo fulani chajila chenyewe, na hapo pampu yaweza kushukiwa kwa haki.

3. Sikiliza pampu. Pampu ikosayo mafuta hupiga kelele nyembamba na kali. Angalia kama chujio la tangini limeziba, au mpira wa kunyonya umelegea ndani na kujikunja unaponyonywa. Pampu inyonyayo hewa hutoa sauti ya kukwaruza kama ya changarawe, na mikono hutikisika inapokwenda.

4. Chunguza mpira wa kunyonya. Hapa wengi hudanganyika, kwa maana mahali pa kunyonya paweza kuingiza hewa pasitoe hata tone moja la mafuta injini inapokwenda. Chukua grisi, na kwa brashi yenye mpini mrefu uipake juu ya viungo vya mpira huo, kimoja baada ya kimoja, injini ikienda pole, ukijihadhari na shafti izungukayo. Kelele ikibadilika au povu likipungua, hapo ndipo. Kaza kifungo, au badili mpira.

5. Tazama mwendo wa shafti. Trekta ikizungushwa polepole kuliko iagizwavyo, pampu hutoa mafuta machache, nacho kijiko huonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Kadhalika kagua machujio na tarehe yalipobadilishwa.

6. Sasa tumia geji. Fundi asemaye pampu ni mbovu bila kupima ni kama mganga asemaye homa bila kumgusa mgonjwa. Iwe geji isomayo hadi ratili 5,000 hivi, ifungwe kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira utokao pampu, injini ikiwa imezimwa. Washa, acha mafuta yapate joto la kazi, kisha peleka silinda moja hadi mwisho wa mwendo wake, ushikilie wenzo kwa nukta chache tu, na kusoma. Linganisha na kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Usikisie, kwa kuwa kila kijiko kina kiasi chake.

7. Geji ikionyesha msukumo mdogo katika kazi zote, fungua vali ya usalama kabla ya pampu. Mara nyingi punje ya mchanga au kipande cha sili kuukuu hukaa mlangoni pake, mlango usijifunge, na mafuta yote hurudi tangini bila kufanya kazi. Osha, kagua springi na kiti chake, rudisha. Ukihitaji kuirekebisha, kaza robo ya mzunguko tu, usome geji, kisha robo nyingine ikilazimu. Kuikaza vali bila geji ni hatari iliyo wazi. Mashine hupata nguvu ya uongo siku mbili, kisha mpira hupasuka au mkono hupindika.

8. Hayo yote yakiwa mema, na msukumo ukiwa mzuri mafuta yakiwa baridi lakini ukashuka yakipata joto, pampu imechakaa ndani. Mafuta ya moto huwa mepesi, na hupenya katika nafasi ambazo mafuta mazito hayapenyi. Sasa ndipo ununue pampu, nawe utakuwa umeinunua kwa ushahidi.

VI. IKIWA KAZI MOJA TU NI DHAIFU

Katika hali hii kuna washitakiwa watatu: sili za pistoni ndani ya silinda, spuli ya kazi ile katika sanduku la vali, na vali ndogo ya usalama ya kazi ile, kwa vijiko vilivyo nayo. Dalili ijulikanayo sana ni mkono kushuka wenyewe wakati hakuna aliyegusa wenzo. Watu wengi husema papo hapo kwamba ni sili za silinda. Lakini spuli iliyochakaa hufanya vivyo hivyo. Ipo njia ya kumtenga mkosaji.

Nyosha silinda hadi mwisho wa mwendo wake, na uhakikishe kijiko kimelala chini wala hakiwezi kuanguka. Zima injini na utoe msukumo. Fungua mpira ulio upande wa fimbo, uuzibe kwa kizibo cha chuma kiwezacho kuhimili msukumo, na uweke ndoo chini ya tundu la silinda. Watu wote wasogee kando, mbali na uelekeo wa tundu hilo. Washa injini iende pole, kisha mwendeshaji asukume wenzo upande ule ule wa kunyosha, wala si kinyume chake. Mafuta kidogo yaliyobaki yatatoka na kukoma. Yakikoma, sili za pistoni ni nzima, basi mgeukie spuli au vali yake ndogo. Yakiendelea kutiririka, yamepita kando ya pistoni, na sili zimekwisha.

Kabla ya kutia sili mpya, kagua fimbo kwa macho na kwa ukucha, mashine ikiwa imezimwa. Ukucha ukikwama katika mkwaruzo, au ukiona kutu au matone ya kulehemu, sili mpya italiwa katika muda mfupi. Fimbo iliyopinda nayo hula upande mmoja wa sili. Ponya fimbo kwanza, au fedha ya sili itapotea.

VII. UVUJAJI WA NJE

Wako watu wadharauo tone. "Ni tone tu," husema. Haya, tuhesabu. Tone moja kwa kila nukta, kwa saa nane za kazi, ni matone 28,800. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Basi kwa siku umepoteza karibu lita moja na nusu. Kwa siku sita za kazi ni lita tisa hivi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chajazwa mchangani.

Kwanza osha mashine na kuikausha, kwa maana mafuta yatambaapo juu ya chuma huonekana mbali na mahali yalikotoka. Endesha kwa muda mfupi, zima, kisha tazama mahali palipo juu kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye chanzo.

Kiungo kikivuja, usikikaze tu kwa nguvu zote. Viungo vingi huziba kwa koni mbili za chuma zigusanazo, au kwa oringi, si kwa nyuzi za nati. Kukaza kupita kiasi hupasua koni au kukata oringi. Wala usizungushie utepe mweupe wa mabomba ya maji katika viungo vya namna hiyo; haufiki mahali pa kuziba, na vipande vyake huingia katika mafuta na kukwama katika vali. Tena uangalie nyuzi: za inchi na za milimita zaweza kushikana kwa mizunguko miwili mitatu zikaonekana zimeoana, kisha zikang'oka kazini. Chukua kiungo cha zamani mkononi uendapo dukani Kariakoo, ukilinganishe hapo hapo.

Mpira ukivimba, ukipasuka ngozi, au nyuzi zake za chuma zikionekana, hauna dawa ila kubadilishwa. Desturi ya kuufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na waya ni mbaya sana. Kifungo hicho hakiwezi kuzuia ratili 2,000, bali hulificha tundu ili limpate mtu aliye karibu. Mpira mpya ubanwe na mashine maalum, uwe na kiasi cha msukumo kilichoandikwa ubavuni mwake kisichopungua kile cha zamani, na urefu wa kutosha ili usivutike mkono unapozunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

VIII. USAFI NA MAFUTA

Adui mkubwa wa haidroliki ni uchafu. Kiangazini vumbi hung'ang'ania fimbo zilizolowa mafuta na kusaga sili. Masika tope na maji huingia kwa mfuniko usiofunga. Futa fimbo mwisho wa kazi, na uliachapo trekta usiku, zikunje silinda kadiri iwezekanavyo ili fimbo zijifiche ndani. Kila mpira ufunguliwao uzibwe mara moja kwa kizibo safi, wala si kwa tambara litoalo nyuzi. Mafuta mapya yamiminwe kwa faneli safi yenye chujio.

Katika joto la pwani mafuta ya daraja la 46 au 68 hutumiwa sana, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yako. Usichanganye mafuta ya namna mbili kwa kuwa moja ni rahisi. Ukishindwa kuuweka mkono juu ya tangi kwa nukta chache, mafuta yamepata joto mno. Pumzisha mashine na utafute sababu, kwa kuwa joto hukausha sili zikawa ngumu na kupasuka.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Katika Vingunguti maji ya mitaro huelekea Msimbazi, na Msimbazi huelekea baharini. Kando yake wako walimao mboga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza uchafuzi wa namna hii. Yakusanye katika dumu lenye mfuniko, na uwape wayakusanyao mafuta machafu kwa ruhusa.

IX. MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji ajaribu kuyajibu haya kwanza, ndipo atazame majibu.

1. Kijiko kina mkono mkubwa dhaifu, lakini miguu na mzunguko vina nguvu. Je, ununue pampu?

2. Mafuta yana povu, pampu yakwaruza, wala hakuna tone lililoonekana nje. Utaanza wapi?

3. Fundi ataka kuikaza vali ya usalama mizunguko miwili "ili mashine ipate nguvu." Utamjibu nini?

4. Kijana amechomwa kidoleni na mafuta, nacho kidole chaonyesha alama ndogo tu bila maumivu. Afanye nini?

Majibu. La kwanza: usinunue, bali pima silinda ya mkono mkubwa, kisha spuli yake. La pili: kiasi cha mafuta tangini, kisha viungo vya mpira wa kunyonya kwa grisi. La tatu: kwanza afunge geji, aioshe vali, na akikaza akaze robo robo mpaka kiasi cha kitabu, asikipite. La nne: aache kazi saa ile ile na kupelekwa hospitali, wala asingoje maumivu.

Mwenye kijiko na alikate somo hili, alibandike ndani ya mfuniko wa sanduku lake la spana. Na kama anao vijana wasiojua kusoma, awasomee kwa sauti sehemu ya III kabla hawajaanza kazi.